Steamboat siku ya unga mpya (theluji laini iliyoanguka usiku): nimepita kwenye miti ya aspen na nataka kurudi kesho

Nimerudi jana usiku saa sita, mapaja bado yanawaka moto, ila nimeona niandike sa hivi kabla sijasahau maana kila mara watu wananiuliza we dada hiyo skii, kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni, unaipendea nini hasa, na kuna wengine wameshaanza, wameshazoea zile njia pana zinazolainishwa na mashine usiku, wanatamani kuingia kwenye miti ila wanaogopa. Hii ni ya kwenu nyie wa kundi la pili. Mimi mwenyewe nilikuwa huko huko mpaka juzi.

Mlima ni Steamboat, huku Colorado, uko mji wa Steamboat Springs kwenye bonde la mto Yampa, kama masaa matatu na kitu kutoka Denver barabara ikiwa safi. Tulikuwa wawili tu, mimi na wifi yangu. Mimi huu ni msimu wangu wa tano, njia za bluu, yaani za kati, nashuka bila shida, zile za almasi nyeusi, yaani ngumu, nazishuka taratibu. Wifi yeye kakulia Minnesota, yuko kwenye skii toka ana miaka minane, kwa hiyo ndo alikuwa mwalimu wangu siku nzima bila malipo, Mungu ambariki.

Niseme kabisa mwanzoni: mlima nyota tano, bila kupunguza hata nusu. Duka la kukodisha vifaa nyota moja, na hilo nitalieleza mbele, sitalitaja jina ila nitasema walichokosea ili wewe ukienda duka lolote lile ujue cha kuangalia.

Tuanze na barabara maana wabongo wengi huku wanakwama hapo. Tuliondoka Aurora, hapo pembeni ya Denver, saa tisa usiku, nimetoka zamu saa tano nikalala masaa matatu tu, tukashika I-70 kupita handaki la Eisenhower, tukatokea Silverthorne, tukakunja kulia Barabara ya 9 mpaka Kremmling, halafu US 40 kupanda Rabbit Ears. Hiyo Rabbit Ears ni mlima wa kuheshimu, inafika kama mita 2,870, na usiku ule theluji ilikuwa inaanguka kwa mshazari kwenye taa za gari mpaka unaona kama gari inarudi nyuma. Kumbuka I-70 pale milimani kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Mei sheria inakutaka uwe na matairi ya theluji yenye meno ya kutosha au ubebe minyororo kwenye buti, hata kama jua linawaka. Sisi tuna gari ya magurudumu manne na matairi mapya na bado tulitembea kilomita 40 kwa saa pale juu. Usiende na tairi kipara, tafadhali sana, kuna watoto wanakusubiri nyumbani.

Sa kwa nini Steamboat wakati kuna milima mingine karibu zaidi na Denver? Sababu ni mbili, theluji na miti. Theluji yao wameipa jina kabisa, Champagne Powder, na jina hilo wamelisajili kama alama ya biashara. Nilidhani ni maneno ya matangazo mpaka nilipoikanyaga. Mawingu yanatoka bahari ya Pasifiki yakiwa mazito, yanapita juu ya milima na majangwa ya Nevada na Utah yanamwaga maji njiani, yakifika huku yamebaki makavu na hewa ni baridi, basi theluji inayoanguka ni nyepesi ajabu. Nilivua glavu nikachota kiganja nikajaribu kufinyanga donge, wapi, haishikani kabisa, ni kama umechota unga wa muhogo uliotoka kwenye chekeche sa hivi, ukipuliza inaondoka yote kiganja kinabaki kitupu. Kwa wastani mlima unapata karibu mita nane za hiyo kitu kila msimu. Usiku wa kuamkia siku yetu zilianguka sentimita 28.

Haya, duka. Wifi ana vifaa vyake, mimi nina buti za zamani zimepasuka kwenye kifundo ndo maana nikakodi kila kitu. Nilikuwa nimeshalipia kwa intaneti wiki nzima kabla, skii pana za unga, zile ambazo katikati chini ya buti zina milimita 100 na zaidi. Upana ndo siri yenyewe, skii nyembamba kwenye unga mwingi inazama kama kisu kwenye siagi, pana inaelea. Nimefika, kijana wa kaunta ananipa skii za milimita 78. Nikamwambia kaka hizi sizo nilizolipia, akasema zile zimeisha ila hizi nazo ni nzuri. Sawa. Akaniuliza navaa kiatu namba ngapi, nikamwambia nane, akaenda akaniletea buti. Hakunipima! Buti za skii zinapimwa kwa sentimita, unasimama kwenye kile kipimo kisigino kimegusa nyuma, soksi moja nyembamba, siyo kuulizwa namba ya raba. Nimevaa naona kisigino kinapanda juu nikiinama mbele. Hilo la kisigino kama hujui utaona ni raha, buti halibani, utamu, halafu ukifika mlimani skii hazikusikilizi hata kidogo maana mguu unacheza ndani.

Kilichomkasirisha wifi hasa ni vile vishikizo vinavyoshika buti kwenye skii. Vina namba, na hiyo namba inapangwa kwa uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na uwezo wako wa kushuka. Ikiwa ndogo sana skii inachomoka bila sababu, ikiwa kubwa sana unaanguka na skii haichomoki, goti ndo linakatika. Kijana hajaniuliza kilo hata moja. Wifi akamuuliza kwa upole, "Umemwekea namba ngapi na umeipataje?" akasema ameacha ilivyokuwa ya mteja wa jana. Wifi hakupandisha sauti, akachukua skii akaziweka juu ya kaunta akasema tunaomba hela yetu. Walirudisha nusu. Nusu! Na mimi kwa vile saa ilikuwa inakimbia nikakubali, jambo ambalo mpaka sasa linaniuma. Tukaenda duka la pili mtaa wa pili, dada mmoja akanipima miguu yote miwili, akaniuliza kilo, akaniuliza kama nimewahi kuumia goti, akanipa za milimita 106 na dakika 15 tukawa tumemaliza. Kwa hiyo huduma nzuri ipo palepale mjini, ni wewe kujua maswali. Mtu akikupa skii bila kukuuliza uzito wako, toka.

Kutoka mjini kwenda mlimani tulipanda basi la mji, ni bure, linapita mara kwa mara na lina sehemu ya kuchomeka skii. Gari tuliiacha.

Gondola ya kupandia inaitwa Wild Blue, vibanda vya watu kumi kumi vinavyoning'inia kwenye waya, ni ndefu kuliko gondola zote za watu kumi Amerika ya Kaskazini, zaidi ya kilomita tano mpaka kileleni Sunshine Peak. Inasimama katikati pale Greenhorn Ranch ambapo ndo wanafundisha wanaoanza, kama hujawahi kabisa shuka hapo, mteremko wake ni mpole. Sisi tulienda mpaka juu. Mlioko Dar au Mombasa mkija kutembea angalieni kifua: mlima huu chini kabisa ni mita 2,100 na kilele cha juu, Mount Werner, ni 3,221, yaani uko juu kuliko kambi ya Mandara ya Kilimanjaro na chini ya Horombo. Kunywa maji. Mimi nakaa Denver miaka saba sa hivi na bado kupanda ngazi tatu na buti miguuni nilihema.

Jina Werner nilikuwa nalisoma tu kwenye ramani, wifi ndo akanieleza ndani ya gondola. Buddy Werner alikuwa kijana wa mji huu huu, mwaka 1959 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda mbio za kushuka za Hahnenkamm kule Kitzbühel, Austria, mbio zinazoogopwa kuliko zote. Mwaka 1964 akafa kwenye maporomoko ya theluji Uswisi, na mlima ambao zamani uliitwa Storm Mountain wakaupa jina lake. Nilikaa kimya kidogo baada ya hiyo. Unapanda mlima wenye jina la mtu aliyeijua theluji kuliko sisi wote na bado ikamchukua.

Mbio ya kwanza tukashuka High Noon, ni ya bluu, ili nizoee unga mahali penye nafasi. Hapo ndo nikajua kila nilichojifunza kwenye njia ngumu, zile zilizoshindiliwa na mashine, kinabidi kipungue nguvu. Kwenye njia iliyolainishwa unakandamiza skii ya nje inauma inakata kona. Kwenye unga ukikandamiza mguu mmoja ule mguu unazama, mwingine unaelea, unapasuka msamba. Uzito unagawa sawa miguu yote, miguu karibu karibu, unazama unainuka unazama unainuka, kama unatwanga lakini mchi ni wewe mwenyewe. Na kile wanachokwambia watu kwamba egemea nyuma ili ncha zisizame, achana nacho, na skii pana za siku hizi ncha zake zimepinda juu zinaelea zenyewe, ukiegemea nyuma unachosha mapaja tu na huwezi kugeuka. Mimi nilipoteza nusu saa nzima kwa kuegemea nyuma. Wifi akaniambia weka mikono mbele kama umebeba sinia la chai, usimwage. Nikabeba sinia. Ikakubali.

Halafu tukaingia mitini.

Upande wa Priest Creek, unapanda na lifti ya viti ya Sundown Express, kuna sehemu tatu ambazo watu wa huku wanazitaja kama mtu anavyotaja majirani zake, Shadows, Closet na Twilight. Ni msitu wa aspen, miti mirefu myeupe, wakati wa baridi haina jani hata moja, na matawi yanaanzia juu sana kwa hiyo pale chini mtu anapopita ni nguzo tupu na nafasi katikati. Nilisimama mlangoni pa Twilight dakika nzima siwezi. Niliona miti ni mingi kuliko nafasi. Kila nikipanga njia kichwani inaishia kwenye mti.

Wifi alikuwa mita kumi chini yangu, ameshasimama, akaniambia, "Wifi, usiuangalie mti. Angalia pale peupe. Skii zinaenda macho yanakoenda." Nikamwambia nikiangalia peupe mti je? Akasema, "Mti haukufuati, wewe ndo unaufuata ukiukodolea macho."

Nikashusha macho, nikatafuta peupe pa kwanza, nikaachia. Kona moja. Peupe pa pili palikuwa tayari pananisubiri, kona ya pili. Ikawa kama kuvuka Kariakoo saa kumi jioni na kapu kichwani, humwangalii mtu unayempisha, unaangalia uchochoro unaofunguka mbele yake, na mwili unajipitisha wenyewe. Miti ikaanza kupita pembeni yangu fyuu fyuu na mimi siisikii wala skii sizisikii, hakuna ile kelele ya kukwaruza ya njia ngumu, hakuna kitu, nasikia pumzi zangu tu na unga unaonipiga magotini, na kuna kona moja niliinuka vibaya unga ukanijaa usoni mdomoni kila mahali nikawa nashuka sioni kwa sekunde moja nacheka kwa sauti. Nilisimama chini ya mti mmoja kupumua nikaushika. Gome la aspen ni laini kama ngozi na lina makovu meusi pale matawi ya zamani yalipodondoka, yamekaa kama macho yenye nyusi, kila mti unakuangalia. Nilipoondoa mkono glavu nyeusi ilikuwa na vumbi jeupe, nikadhani ni theluji, nikapuliza haitoki. Ni unga wa gome lenyewe. Nimeliona hilo jana kwa mara ya kwanza na miaka yote naishi karibu na hii miti.

Tulirudia eneo lile mara sita. Kwenye lifti unajikunyata, theluji inakujaa mapajani, unatafuna tende, unashuka tena. Uzuri wa ile miti ni kwamba hata saa sita mchana bado kulikuwa na vipande ambavyo hakuna aliyepita, kwa sababu watu kwenye njia za wazi wanamaliza unga saa moja ya kwanza, msituni kila mtu anachagua uchochoro wake.

Sasa sehemu ya kusikiliza vizuri. Mbio ya saba niliharibu. Tulihama tukawa pembeni ambako aspen zinaisha na misonobari inaanza, nikaona kipande cheupe hakijaguswa kati ya misonobari miwili nikakifuata bila kumwambia wifi. Skii ya kushoto ikanasa kitu chini, ikachomoka, nikaenda kichwa mbele nikatua nusu ya mwili ikiwa kwenye theluji laini karibu na shina. Msonobari ni tofauti na aspen, matawi yake yanashuka mpaka chini yanazuia theluji isijazane vizuri kuzunguka shina, kwa hiyo pale chini kunabaki shimo lililofunikwa na theluji laini isiyo na nguvu. Ukiangukia humo kichwa chini, unazama, na kila ukijitikisa theluji inazidi kukuingia. Walishafanya majaribio huku Marekani na Canada, watu wakawekwa makusudi kwenye mashimo hayo, tisa kati ya kumi walishindwa kujitoa wenyewe. Mimi nilikuwa na bahati, kichwa kilikuwa nje, mkono mmoja umeshika tawi. Lakini nilipojaribu kusukuma kwa mkono mwingine niinuke mkono ukaenda chini mpaka begani, hakuna sakafu. Hapo ndo moyo ulinidunda kweli.

Nina filimbi kwenye zipu ya jaketi. Nikaipuliza mara tatu. Wifi alikuwa ananiona, maana sheria yake ni moja, mtu wa mbele haendi mbali kuliko macho yanavyofika, na akaja kwa upande akavua skii moja akanipa niishike. Dakika nne au tano. Alinifokea baadaye kwenye lifti kwa Kiswahili kilichonyooka na alikuwa na haki. Mkiwa wawili ndo muingie mitini, muonane, msikilizane, na kama uko peke yako siku ya unga baki njia za wazi, zinatosha na ni tamu. Kaeni mbali na misonobari yenye matawi ya chini. Fimbo toa mikono kwenye zile kamba zake kabla ya kuingia, ili ukianguka uziachie mikono iwe huru kulinda uso.

Na skii iliyochomoka? Tuliitafuta dakika 25. Inapochomoka inazama inateleza chini ya unga huko huko, haionekani kabisa. Nilikuwa nachimba chini yangu pale nilipoangukia. Wifi akasema hapana, mwili unatupwa mbele, skii inabaki nyuma, tafuta juu. Tukachanja theluji kwa fimbo mistari mistari kama mtu anayepalilia, na kweli ikapatikana mita tatu juu ya alama yangu, imelala kimya kina cha mkono. Kuna kamba za rangi kali wanafunga kwenye skii, mita mbili hivi, ndani ya suruali, ikichomoka kamba inaelea juu unaiona. Nimeshaagiza.

Chakula tulibeba chetu, chapati zilizokunjwa na maharage ya nazi kwenye foili, tukalia kwenye jengo la Thunderhead huko huko mlimani, dirishani na chai ya chupa, baba mmoja mzungu meza ya pili akauliza ni nini kile kinanukia vile, tukamgawia kipande, akafunga macho.

Saa tisa na nusu miguu ikakataa. Kuna watu wanamalizia siku Strawberry Park, chemchemi za maji moto nje ya mji, kwenye theluji kabisa, mabwawa ya mawe. Ukitaka kwenda lipia nafasi mapema, gari iwe ya magurudumu manne au minyororo maana barabara yake ni ya mlima, na ujue giza likiingia watoto hawaruhusiwi na kuvaa nguo ni hiari, kwa hiyo wenye familia nendeni mchana. Sisi tulirudisha vifaa kwanza. Yule dada wa duka la pili akaniangalia akauliza miti ilikuwaje, nikashindwa kusema nikamwonyesha tu glavu yenye vumbi la aspen, akacheka akasema hiyo haitoki wiki nzima.

Pasi: Steamboat iko kwenye Ikon Pass, pasi moja ya msimu inayokuingiza milima mingi, na kama unajua utaenda siku kadhaa nunua kabla msimu haujaanza, usisubiri kununua tiketi ya siku dirishani. Nenda siku ya kazi. Lala mjini usiku wa kabla kama unaweza, sisi hatukuweza na kurudi na Rabbit Ears gizani na uchovu ule hapana, tulibadilishana usukani kila nusu saa.

Wifi ana likizo tena wiki ya pili ya mwezi wa pili. Mimi nimeshabadilishana zamu na mtu. Sasa hivi naangalia utabiri kila nikiamka kabla hata sijanawa uso.